Joto la usiku Mtwara mwezi Novemba: wa kulaumiwa ni bati, ukuta au upepo?

#1 Mkazi wa Chuno
Wakuu, habari za usiku.

Naomba hili tulijadili kwa kina, maana kila mwaka tunalalamika, mvua ikianza tunasahau. Mimi nasema joto linalotutesa Mtwara mjini usiku wa Novemba tumejitakia wenyewe kwa kuezeka bati. Utabiri unatangaza nyuzi 31 au 32 mchana, usiku 24. Hizo 24 ziko nje. Ndani kwangu saa 5 usiku kipimajoto cha ukutani kinasoma 30, watoto wamehamia sakafuni, godoro limelowa jasho. Kwa bibi yangu Nanguruwe, nyumba ya udongo na makuti, mwezi huohuo tunajifunika shuka. Mkoa mmoja, jua lilelile. Kinachotofautiana ni paa. Anayebisha alete hoja.

#2 Kijana wa Ligula
Nipo. Huku umeme umekatika tangu magharibi. Hoja nitaileta feni ikizunguka.

#3 Fundi Kenchi
Mkazi wa Chuno, nakubishia kwa kazi yangu. Mapaa ya mji huu nayajua kuanzia Magomeni mpaka Shangani.

Mchana bati halishikiki, hilo sikatai. Jua la saa 7 linalifikisha nyuzi 60 na zaidi, hasa likiwa limeshika kutu. Lakini bati ni jembamba, halina mahali pa kuhifadhi joto. Jua likizama linapoa upesi, na ile milio unayoisikia juu ya kichwa magharibi ni bati linajikunja. Alfajiri ukipanda unakuta lina umande. Kitu chenye umande ndicho kinakuchoma wewe?

Anayekuchoma ni ukuta. Bloku zinakunywa joto kutwa, halafu zinalirudisha ndani polepole mpaka usiku wa manane. Fanya hivi leo: saa 3 usiku weka kiganja kwenye ukuta wa upande wa magharibi, kwa ndani, kisha panda kiti uguse bati. Njoo useme hapa kipi kina moto. Na nahisi upande huo hauna baraza, jua la alasiri linaupiga moja kwa moja.

#4 Mkazi wa Chuno
Fundi, na ukuta huo umepashwa na nani? Sina dari. Bati linamwaga joto chini kutwa nzima, kuta zinalipokea. Ukinitoa kwenye bati kwa mlango wa mbele unanirudisha kwa mlango wa nyuma.

(Baraza kweli sina upande huo. Umejuaje?)

#5 Fundi Kenchi
Chuno nyumba nyingi zimejengwa hivyo, kiwanja kinabanwa mpaka mwisho.

#6 Binti Masasi
Watu wa pwani mnanishangaza. Nyuzi 32 mnafungulia uzi! Njooni Masasi mwezi huu saa 8 mchana, pale stendi, mwamba wa mlima umepigwa na jua tangu asubuhi. Ndiyo mtajua joto ni nini.

Ila niseme ukweli: nikija Mtwara kulala kwa dada yangu siwezi. Masasi mchana unakuunguza lakini usiku ukienda mbele unapata usingizi. Na Masasi kote ni bati na tofali za kuchoma, makuti hakuna. Kwa hiyo hoja ya bati na hoja ya ukuta zote mbili zinanipa shida. Vitu vilevile vipo kwetu.

#7 Nahodha Msimbati
Binti Masasi kagusa penyewe bila kujua. Tatizo ni upepo.

Kuanzia Aprili mpaka Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, hakuna mtu wa pwani anayelia joto. Juni na Julai, wakati wa kipupwe, hata sisi wavuvi tunavaa makoti usiku. Kaskazi nayo, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika Desemba, unaipata ufukweni. Katikati hapo ni tangambili, kusi imekata na kaskazi haijatulia. Bahari inalala, tanga linaning'inia, unapiga kasia. Ndiyo sasa hivi. Hata ule upepo wa nchi kavu unaotusukuma kutoka usiku umekuwa dhaifu.

Sasa ongeza ujenzi. Kila anayepata hela anajenga ukuta wa uzio mrefu kuliko dirisha. Hako kaupepo kadogo kakija kanagonga uzio, kanapita juu ya paa, wewe ndani hukapati. Sisi Msimbati tuna bati na bloku pia siku hizi, lakini uzio hatuna, tunalala.

#8 Newala Juu
Na huyo bibi wa Nanguruwe asitumike kama ushahidi wa makuti. Nanguruwe iko bara, si pwani. Umebadilisha paa na umebadilisha mahali kwa wakati mmoja, utajuaje kipi kimekupoza?

Huku Newala tuko juu ya tambarare, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo tunatofautiana na ninyi kama nyuzi 4 bila kufanya lolote. Bati tunalo. Shida yetu ni maji, usingizi tunao.

#9 Mkazi wa Chuno
Newala Juu, nimeuliza joto, umeniletea majivuno ya mlima. Haya, nitafute nyumba ya makuti hapahapa Chuno niilinganishe. Sidhani kama imebaki hata moja. Hilo nalo lina maana yake.

#10 Mwalimu Fizikia
Habari wakuu. Niongeze kitu ambacho hakijatajwa, unyevu.

Mwili unajipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Mnaoishi mjini mmeona nguo zilizoanikwa usiku mwezi huu zinavyoamka mbichi. Jasho la mgongoni ni hivyohivyo: hewa imeshashiba maji, haipokei mengine. Ndiyo maana nyuzi 30 za Mtwara zinaumiza kuliko 35 za Masasi, ambako hewa ni kavu. Feni nayo haipoozi hewa hata kidogo, inaondoa ile hewa iliyoshiba iliyokugandia ili jasho lipate nafasi ya kukauka.

Jambo la pili. Ardhi kavu ikiachwa na jua inarusha joto lake angani, na anga kavu inalipitisha. Masasi inapoa kwa njia hiyo. Pwani mvuke ulio hewani unalipokea joto hilo na sehemu yake unairudisha chini. Kukiwa na mawingu ndiyo kabisa.

La tatu ni jua lenyewe. Mtwara tuko latitudo ya nyuzi 10 kusini. Jua la adhuhuri linatupitia utosini karibu na 20 Oktoba likienda kusini, na tena karibu na 21 Februari likirudi. Kwa hiyo Novemba tunavuna joto lililokusanywa tangu Oktoba, na mvua haijaja kulizima.

#11 Kijana wa Ligula
Umeme umerudi, hoja hii hapa. Mbona hamsemi gesi? Wazee wa mtaani wanasema zamani Mtwara haikuwa hivi. Tangu waanze kutoa gesi Mnazi Bay, kikaja na kiwanda cha saruji, joto limepanda. Ardhi imetobolewa, joto la chini linatoka. Pia jua linakuwa karibu nasi zaidi mwezi wa kwanza, nimesoma.

#12 Mwalimu Fizikia
Kijana, nianze na la mwisho maana lina ukweli ndani yake. Mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147 hivi kutoka kwa jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Tofauti hiyo inatuongezea mionzi kama asilimia 7. Lakini Januari hiyohiyo Ulaya wanatembea juu ya theluji, kwa hiyo kinacholeta misimu ni mlalo wa dunia. Umbali ni nyongeza tu.

Gesi sasa. Mnazi Bay iligunduliwa 1982, Songo Songo kule Kilwa 1974. Ni kweli ukishuka ardhini joto linapanda, nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Lakini joto linalofika juu kutoka chini halifiki hata wati 0.1 kwa mita moja ya mraba. Jua la adhuhuri linaleta karibu wati 1,000 kwenye mita hiyohiyo. Kisima chenyewe ni bomba jembamba lililofungwa kwa chuma na saruji. Haliwezi kupasha mji.

#13 Dogo Saruji
Mimi nimefanya kibarua kwenye kiwanda cha saruji, niwape picha. Ndani ya tanuru mawe ya chokaa na udongo vinapikwa mpaka nyuzi 1,450. Ndani kumejengwa kwa tofali maalumu za moto, lakini hata hivyo ganda la chuma la nje linabaki na joto la kuunguza, ukipita kwenye ngazi karibu nalo uso unahisi. Ukienda mbali kidogo huhisi kitu. Joto hilo lifike Chuno? Hapana. Vumbi tujadili siku nyingine, joto hapana.

#14 Kijana wa Ligula
Haya, wati nimezisikia. Lakini wazee hawasemi uongo kwamba joto limeongezeka. Nielezeni hilo.

#15 Newala Juu
Hilo halihitaji gesi ya Mtwara peke yake, Kijana. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza 2024 kuwa mwaka wenye joto kuliko yote tangu vipimo vianze, nyuzi 1.55 hivi juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Wazee wako sahihi kwa walichokihisi. Ongeza miembe na minazi iliyokatwa mjini kupisha viwanja.

#16 Mama Mbanguaji
Wanangu, mnazungumzia joto la kulalia. Mimi niwaambie la kufanyia kazi.

Korosho haibanguliwi hivihivi. Inaanza kwa mvuke ili ganda lilainike, kisha inakatwa, kisha kiini kinaingia kwenye oveni kama nyuzi 70 kwa saa kadhaa ili ile ngozi ya ndani itoke. Sasa weka yote hayo chini ya bati, Novemba, wanawake wamekaa mistari. Na mafuta ya ganda yanaunguza ngozi hata yakiwa ya baridi, kwa hiyo lazima ujifunike mikono, upake jivu au mafuta. Ukijifunika unachemka, usipojifunika unababuka. Wanaokaanga kienyeji juu ya pipa lililopasuliwa ndiyo hatari zaidi: mafuta yanashika moto, moshi wake unakata kifua na macho.

Niliwahi kufanya kazi sehemu, mwenzetu mmoja akaanguka mchana. Alikuwa anaongea maneno hayaeleweki, ngozi imekauka, ina moto. Watu wakasema mashetani, wakaanza kumsomea. Mwingine akasema njaa. Nilichokiona mimi ni joto. Tulimtoa nje chini ya mkorosho tukammwagia maji ndoo nzima, ndipo akatambua watu.

#17 Muuguzi wa Pwani
Shikamoo Mama Mbanguaji. Mlimwokoa. Mtu akipata joto kisha akachanganyikiwa, mwili umeshapita nyuzi 40, na hapo ubongo unaumia. Kivulini, vua nguo za juu, mwagia maji mwili mzima, pepea, na gari litafutwe wakati huohuo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, kitampalia.

Kwa anayejisikia kizunguzungu tu na bado anaongea vizuri: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Na akina mama, vichanga msivifunge shali na kofia mwezi huu kwa kuogopa upepo. Vipele vya joto tunavyoletewa ni vingi mno.

#18 Mama Mbanguaji
Marahaba mwanangu. Hilo la vichanga waambie na akina bibi, ndio wanaovifunga.

#19 Chumvi Lindi
Naona kila mtu analilaani joto. Sisi wa mashamba ya chumvi huku Lindi hiki ndicho kipindi chetu. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo kupata kilo moja lazima lita karibu 29 zikauke zote. Nani atazikausha kama si jua? Tunayahamisha maji bwawa hadi bwawa mpaka yakolee, chumvi ianze kujitenga. Mvua moja ya kushtukiza inaharibu kazi yote. Wapo wanaochemsha kwa kuni za mikoko na ninawalaumu: wanakata msitu unaowalinda, wakati jua ni la bure.

Na Mwalimu, nakusahihisha kidogo. Ukisema hewa imeshashiba haipokei maji, basi na mabwawa yangu yasingekauka. Yanakauka, tena vizuri.

#20 Mwalimu Fizikia
Yanakauka mchana. Jua likipanda hewa inapata joto na nafasi ya kubeba maji inaongezeka. Usiku inapoa, nafasi inajaa. Pima bwawa lako jioni na alfajiri uniambie limepungua kiasi gani.

#21 Nahodha Msimbati
Mchana kuna upepo wa bahari pia, Mwalimu. Upepo! Bwawa likikosa upepo linakauka polepole hata jua liwe kali vipi. Muulize Chumvi.

#22 Chumvi Lindi
Hapo Nahodha yuko sawa. Siku ya upepo ina faida kuliko siku ya jua tupu.

#23 Mzee Mikindani
Vijana, niingie. Mmebishana bati na bloku, nendeni mkaguse kuta za nyumba za zamani hapa Mikindani. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima. Mchana wa Novemba ukiingia ndani unaona tofauti. Bloku zenu za inchi 6 zinapitisha joto kabla ya alasiri. Ukuta mnene joto linasafiri ndani yake kutwa, na kabla halijafika jua limezama.

Chokaa tulichoma wenyewe. Tanuri la magogo, matumbawe juu, moto wa nyuzi kama 900. Baada ya hapo ukilimwagia maji jiwe lililoiva linachemka lenyewe bila kuni, linavuma, linapasuka kuwa unga. Mtoto akisogea anaungua. Joto mliloliweka tanurini unaliona likitoka tena kwenye maji. Siku hizi matumbawe hayaguswi, na ni sawa, samaki wanazaliana humo.

#24 Fundi Kenchi
Shikamoo mzee. Nyumba hizo nimezikarabati, nakuunga mkono kuhusu unene. Ila zina dari ndefu na madirisha yanayotazamana. Ukijenga unene huo na madirisha ya leo, usiku utalala nje, kwa sababu ukuta utaanza kutoa joto wakati unapoingia kitandani.

#25 Mzee Mikindani
Marahaba. Usiku tulilala barazani, Fundi. Nyumba ilikuwa ya mchana.

#26 Binti Masasi
Mzee kasema jambo kubwa. Siku hizi nani alale barazani, mbu na wezi.

#27 Nahodha Msimbati
Na mkisikia joto la bahari msilichukulie la vipele tu. Maji yakipata joto ndipo vimbunga vinapopata nguvu. Aprili 2019, tarehe 25, kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma. Tulivuta mitumbwi nchi kavu, shule zikafungwa, mji ukawa kimya.

#28 Mzee Mikindani
Kabla yake kuna kile cha Lindi, Aprili 1952. Baba zetu walihesabia umri wa watoto kwa hicho.

#29 Mkazi wa Chuno
Turudi kwenye uzi, wakuu. Nimefanya jaribio la Fundi jana. Saa 3 usiku ukuta wa magharibi ulikuwa na joto la wazi, bati lilikuwa la kawaida. Lakini nimefanya na langu: nimetandaza mikeka juu ya kenchi (mbao zinazobeba paa) chumba cha watoto, leo mchana nimelinganisha na sebule isiyo na kitu. Chumba cha watoto kilikuwa chini kwa nyuzi 2. Kwa hiyo bati halijatoka kwenye kesi, na Fundi asiseme nimekubali.

Sasa nataka kupaka bati chokaa nyeupe lirudishe jua. Chokaa ni rahisi.

#30 Fundi Kenchi
Weupe ndiyo, chokaa hapana! Chokaa mbichi inakula zinki na alumini. Bati zako za migongo mipana zitapata madoa, kisha matundu. Nunua rangi nyeupe ya bati, sugua kutu kwanza, paka mara mbili. Halafu weka dari ya silingibodi, na juu yake acha matundu kwenye kofia (ile pembetatu ya ukuta chini ya paa) pande mbili zinazotazamana, joto la bati litoke huko lisishuke. Upande wa magharibi panda mti au ongeza baraza. Ukifunga dari bila matundu umelificha joto tu.

#31 Nahodha Msimbati
Pande mbili zinazotazamana, yaani upepo. Sisemi zaidi.

#32 Kijana wa Ligula
Fundi, na popo? Sisi tuliacha matundu hayohayo, sasa dari imejaa popo, harufu haivumiliki.

#33 Fundi Kenchi
Wavu wa chuma wa matundu madogo, upigilie kwa ndani. Wavu wa mbu wa plastiki panya wanautoboa. Lakini popo wakiwa wameshaingia usizibe mchana, watafia humo. Subiri magharibi watoke, ndipo uzibe.

#34 Binti Masasi
Wengine wakibaki na watoto wao je?

#35 Fundi Kenchi
Wenye watoto unawasubiri wakue. Acha tundu moja, ziba mengine, rudi baada ya wiki kadhaa. Kijana, nitumie picha ya hiyo kofia yako nione ni mbao au bloku.